Kituo cha Kwa Shida

Luhende aliporudi Nassa kutoka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, hakurudi na mali. Alirudi na blanketi la kijivu, kikohozi, na Kiswahili. Blanketi lilichakaa, kikohozi akakizoea, lakini Kiswahili alikitunza kama ng'ombe wa maziwa. Alisalimia kwa Kiswahili, akagomba kwa Kiswahili, na mkewe alipojifungua mtoto wa kike baada ya uchungu uliokaribia kumtoa roho, mashangazi walitoka nje wakamuuliza kwa Kisukuma mtoto aitwe nani, naye akajibu kwa Kiswahili:

"Shida."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni tabu. Huyu hatukumpata kwa mchezo."

Mashangazi walilitafuna jina lile kidogo. Halikuwa jina la bibi yeyote, wala la mvua, wala la nzige, wala la njia, kama walivyozoea kuwaita watoto wao. Lakini lilisikika kama jina la watu wa mjini, wakalipitisha.

Shida alikua bila kulionea haya jina lake. Watoto wenzake walipomwona anakuja kisimani walipiga kelele, "Shida inakuja! Shida inakuja!" naye alijibu kutoka mbali, "Jipangeni basi, nipokeeni!" Padri alimbatiza Mektilda, na jina hilo likabaki kulekule kanisani. Akiitwa Mektilda aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Hata katekista alichoka, akawa anamwita Shida mbele ya altare.

Alipokuwa mwali, alikaa na mama yake ufukweni wakiuza samaki wa kukausha. Siku moja alikuja kijana mrefu kutoka upande wa Zagayu, na baiskeli iliyofungwa magunia nyuma. Alichagua samaki kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamuuliza jina.

"Shida."

Kijana akacheka. "Kumbe! Mimi natafuta mke, sitafuti shida."

"Basi samaki wako hao, baiskeli yako hiyo, na njia ndiyo ileile uliyojia," Shida akamwambia, akaendelea kufukuza inzi.

Kijana yule aliitwa Nyanda. Alirudi tena kununua samaki kabla wale wa kwanza hawajaisha, na safari iliyofuata alikuja na wajomba zake. Ng'ombe wa mahari walipotoka Zagayu kwenda Nassa, Shida alitoka Nassa kwenda kuishi Mwalugoye, kijiji cha akina Nyanda, kilichoitwa hivyo kwa sababu mzee Lugoye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufyeka pori lile. Ndivyo Wasukuma wanavyoita mahali: Mwalugoye ni kwa Lugoye, Mwamabula ni kwa Mabula. Mtu anakufa, jina linabaki limesimama mahali pake.

Huko ukweni ndiko watu walikomjua Shida kuwa ni mtu wa kutoa majina. Hakufanya hivyo kwa kukusudia. Kitu kilimjia, akakitazama, neno likamtoka mdomoni, na kesho yake mtaa mzima ulikuwa unalitumia. Chungu kikubwa cha ukoo, kile cha kupikia kwenye misiba, ambacho kilichelewa kuchemka hadi watu wakasinzia, alikiita Kamati. Plau ya Nyanda, ambayo haikuingia ardhini mpaka ibembelezwe, aliiita Bibi Harusi. Nyanda alipomkabidhi maksai wawili wachanga awafundishe kulima, kwa sababu yeye mwenyewe alikosa subira na wanyama, Shida aliwafunga nira, akawatazama wanavyokwepa kazi, akamwita mmoja Karani na wa pili Bwana Shamba.

"Utatufunga jela, Ng'wana Luhende," Nyanda alimwambia, akimwita kwa jina la baba yake kama ilivyo heshima ya mke.

"Kwani wamekosewa nini? Karani ni jina la mtu aliyesoma."

Wanawake wengine wa pale hawakuthubutu kushika fimbo ya maksai. Shida aliishika, na ng'ombe wale wakamsikia yeye kuliko mwanaume yeyote.

Mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni ya vijiji. Maelezo yalianza mapema mkutanoni: watu wanaishi wametawanyika mno, serikali haiwezi kumpelekea kila mtu shule na zahanati mlangoni kwake, lazima wakae pamoja. Watu waliitikia, wakarudi kulima. Kisha mgambo walikuja na lori. Wale waliokuwa na nguo za kufunga walifunga. Waliosema wangoje mtama ukauke, walishushiwa mapaa ya nyumba zao wakiwa wanatazama. Shida hakubishana na mgambo. Alipakia Kamati ndani ya majani makavu ili isipasuke, akafunga kuku miguu, halafu akaenda nyuma ya zizi ambako mtoto wake wa kwanza alikuwa amezikwa. Alisimama pale, akaweka jiwe jingine juu ya yale yaliyokuwapo, akarudi, akawafunga nira Karani na Bwana Shamba. Lori halikupakia ng'ombe, kwa hiyo yeye alikwenda kwa miguu.

Mahali pao papya palikuwa uwanda mtupu kando ya barabara, kati ya Lagangabilili na Zagayu, juu kidogo ya mbuga ya udongo mweusi. Nyumba ziliwekwa kwa mistari iliyonyooka. Shida alipoitazama mistari ile kutoka mbali, ikifuatana bila mwisho, alisema, "Mbona wametupanga kama mabehewa?" na kuanzia siku ile mstari wa kwanza ukaitwa Treni, ingawa wengi wa wakazi wake hawakuwahi kuona treni.

Watu wa vijiji vitatu walimwagwa pamoja pale: Mwalugoye, Mwamabula na Idulilo. Kugawana viwanja waliweza. Kugawana shamba la bega kwa bega, kila mmoja na kipande chake ndani ya shamba moja, waliweza, ingawa kwa manung'uniko. Jina ndilo lililowashinda. Wa Mwalugoye walisema pale paitwe Mwalugoye kwa sababu wao ni wengi. Wa Mwamabula, wakiongozwa na Anatoli, mkulima wa pamba aliyekuwa na sauti ya kengele, walisema ardhi ile walikuwa wakilishia ng'ombe wao tangu zamani, basi ni Mwamabula. Wa Idulilo walisema hawakuhamishwa ili wakaitwe kwa jina la watu wengine. Mkutano mmoja ulivunjika kwa viti kurushwa. Wilayani walipochoka kusubiri, walileta jina lao: Amkeni. Likaandikwa kwenye ubao, ubao ukapigiliwa mti, na watu wakapita chini yake bila kulitamka.

Mwaka ule ulikuwa pia wa njaa. Mvua ilikuwa imekatika kabla ya mahindi kubeba, na chakula cha serikali kilipofika kilikuwa unga wa rangi ya njano, ambao watu wa mjini walikuwa wameshauita Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi za timu ya Yanga. Jina hilo lilifika kijijini pamoja na magunia. Shida alilisikia akasema safari hii amewahiwa. Lakini uji wa Yanga aliupika vizuri, akauchachusha kidogo kwa ukwaju, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye Treni, iliyokaribia barabara, mpita njia aliyekuwa amechoka hakumpita bila kunywa.

Mvua iliporudi, ilirudi kwa hasira. Mbuga ile ya udongo mweusi ikawa kama ugali ambao haujaiva.

Ilikuwa mchana mmoja wenye mawingu. Basi la Mustapha lilikuwa linatoka Bariadi. Mustapha alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu wa kofia ya kitambaa na swala tano, na basi lake lilikuwa kuukuu lakini ndilo pekee lililothubutu barabara ile wakati wa masika. Utingo wake aliitwa Mtoro, mtu mzima mwenye mvi ndevuni na koo lisilokauka. Basi lilishuka kwenye mbuga, likaenda mbele kidogo, likakaa. Magurudumu ya nyuma yakazama yote. Abiria wakashuka wakiwa wamekunja nguo: wanawake waliotoka sokoni, wazee waliokuwa na kuku, mama mmoja mgonjwa aliyeshikiliwa na dada yake, karani wa pamba, na Ndugu Selestini, Katibu Tarafa, ambaye viatu vyake vilikuwa vinaning'inia shingoni kwa kamba zake.

Wanaume wa kijiji walikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la bega kwa bega, na kijito kilikuwa kimefurika. Mtoro alipanda kijijini anahema, akafika nyumba ya kwanza aliyoiona, ya Shida, akamsalimia mama mwenye nyumba kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Kuna wanaume hapa?"

"Mwadila. Wanaume wapo ng'ambo, wanatazama maji," Shida akajibu. "Unataka wanaume au unataka basi litoke?"

"Nataka basi litoke."

"Basi ningoje nifunge nira."

Alimwita jirani yake, Nyanjige, mjane kutoka Idulilo aliyekuwa na maksai wake na ulimi wake. Wanawake wale wawili walishuka mbugani na ng'ombe na minyororo. Mustapha alipowaona alitazama nyuma yao kuona kama kuna mtu mwingine anakuja. Hakuna aliyekuja. Akasogea.

Walifunga minyororo kwenye chuma cha mbele. Shida akasimama kando ya ng'ombe wake, matope yamemfika magotini, akapaza sauti.

"Karani! Karani, acha uvivu! Leo huandiki, leo unavuta! Bwana Shamba, umelala? Amka, watu wanakutazama!"

Abiria kwanza hawakuelewa. Kisha mwanamke mmoja wa sokoni akaelewa, akashika tumbo. Kicheko kikaenda toka mtu hadi mtu. Karani wa pamba akajifanya anatazama mawingu. Selestini naye alicheka hadi kiatu kimoja kikamdondoka shingoni kikazama topeni.

Lakini basi halikutoka. Lilitikisika, likakaa tena. Bwana Shamba akapiga magoti, na mnyororo wa Nyanjige ukakatika kwa kishindo kilichowafanya watu wote warudi nyuma. Mustapha akasema waache tu, wasubiri jua, hata kama ni siku kadhaa. Shida alimtazama yule mama mgonjwa, aliyekuwa ameketi juu ya furushi na midomo imekauka.

"Huyu atasubiri jua gani?" akauliza.

Akaamuru mizigo yote ishushwe, hata ya juu ya keria, na kila mwenye mikono aichimbue njia mbele ya magurudumu. Kisha akapanda kijijini mbio, na aliporudi, yeye na Mtoro walikuwa wamebeba mlango wa nyumba yake. Ulikuwa mlango wa mbao ngumu ambao Nyanda alikuwa ameutoa Mwalugoye, kitu pekee cha nyumba ya zamani kilichofika kizima. Wakausukuma chini ya gurudumu moja. Chini ya la pili wakalaza mabua ya mtama na kitanda cha kamba cha Nyanjige, ambaye alikililia kitanda chake huku yeye mwenyewe akikikanyaga kiingie vizuri.

"Sasa," Shida akasema, akampapasa Karani kati ya pembe. Hakupiga kelele safari hii. Alisema naye taratibu, kwa Kisukuma, maneno ambayo abiria hawakuyasikia. Ng'ombe wakainama. Mustapha akawasha injini. Mlango ukalia, ukapasuka katikati, na basi likapanda juu yake, likatoka kwenye mbuga likiwa limeinama upande mmoja kama mlevi, watu wote wakilikimbilia nyuma kwa vigelegele.

Mama mgonjwa akafikishwa Zagayu jioni ileile kwa mganga wa zahanati, akapona. Lakini kabla ya kuondoka, abiria wote walikunywa uji kutoka ndani ya Kamati, na Nyanjige akawaeleza kwa nini chungu kile kinaitwa Kamati. Selestini alicheka tena, kidogo kuliko mara ya kwanza, maana yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati nyingi. Nyanda aliporudi akakuta nyumba haina mlango. Alipoelezwa, alikaa chini, akasema, "Ningekuwepo ningekukataza. Afadhali sikuwepo."

Kuanzia wiki ile, Mtoro alipofika kwenye ubao ule wa Amkeni hakuutazama. Aligonga bati la basi akaita, "Wa Kwa Shida! Kwa Shida, wanaoshuka!" Abiria walilishika jina. Wenye maduka wa Bariadi walilishika. Mtu akiulizwa chumvi anaipeleka wapi, alisema Kwa Shida. Madereva wa malori ya pamba waliambizana wakutane Kwa Shida. Hata watu wa Mwamabula, waliokuwa tayari kurushiana viti kwa ajili ya jina, walijikuta wanasema "nakwenda zangu Kwa Shida" kwa sababu ndiko walikokuwa wanakwenda.

Ndipo jambo likafika wilayani. Dereva mmoja aliyepeleka mbegu aliulizwa na mabwana wakubwa, kikaoni, mbegu zimefikaje. Akajibu kwa moyo mweupe, "Zimefika Kwa Shida." Wakamuuliza barabara ilikuwa mbovu? Akasema hapana, barabara nzuri, ila wananchi wote wa upande ule wako Kwa Shida. Kikao kilicheka, isipokuwa mkubwa mmoja ambaye hakucheka. Alimgeukia Selestini akamuuliza kama hayo ndiyo matunda ya Ujamaa katika tarafa yake: watu wanahamishiwa maisha bora, halafu wanasema wenyewe kwamba wanaishi kwa shida.

Selestini alikuja kijijini akiwa ameukaza uso. Ulikuwa wakati wa kuandikisha vijiji kisheria, na mkutano wa kijiji ulipaswa kuthibitisha jina. Watu wote wakakusanyika kwenye uwanja wa mbele ya Treni.

"Ndugu wananchi," Selestini akaanza, "kijiji hiki kina jina. Linaitwa Amkeni. Hilo jina jingine nataka life leo. Mnajua linavyosikika? Linasikika kama tusi kwa serikali."

Anatoli akasimama haraka, akaona njia imefunguka. "Ndugu Katibu, si linasikika tu. Ni tusi kweli. Huyo mama ana ng'ombe anayeitwa Karani, na mwingine Bwana Shamba, na anawachapa hadharani. Ana chungu kinachoitwa Kamati. Tangu lini mtu mwema akafanya hayo? Futa jina lake, na hilo Amkeni ambalo hatulijui, tuandikie Mwamabula, mambo yaishe."

Uwanja ukachafuka. Watu wa Mwalugoye wakamtaka Nyanda amtulize mkewe, amwambie aombe radhi, jina la Mwalugoye lipate nafasi. Nyanda akasimama, mrefu, mikono nyuma.

"Mke wangu ana mdomo wake," akasema. "Mwulizeni yeye." Akakaa.

Shida alisimama mahali alipokuwa. Sauti ilitoka kama ilivyotoka siku zote.

"Ndugu Katibu, ng'ombe ni wangu, na majina niliwapa mimi, sijamsingizia mtu. Yule Karani anafanya kazi vizuri. Karani yeyote mwenye kazi nzuri hana la kulalamika. Wewe mwenyewe alikutoa topeni."

Watu wakaguna kwa kicheko. Selestini akatazama chini.

"Hilo jina jingine sikujipa," Shida akaendelea. "Sikumwambia Mtoro aite. Nilipewa na baba yangu siku niliyozaliwa, kwa sababu mama yangu alipata tabu, na baada ya tabu tukawa wazima wote wawili. Nyinyi mkilisikia mnasikia tabu tu. Mimi tangu utoto nikilisikia nasikia kwamba nilifika. Sisi wote hapa tumekuja kwa tabu, hakuna asiyejua. Wengine tumeacha makaburi ya watoto wetu huko. Sasa tumeshafika, tunalima, tunapika. Mkitaka jina jingine wekeni, mimi sitagombana. Lakini kulionea haya langu, hapana. Sijalionea haya mbele ya padri, sitaanza leo."

Alipokaa, hapakuwa na aliyepiga makofi. Nyanjige ndiye aliyesema kwanza, bila hata kusimama.

"Ndugu Katibu, tabu yako ni Kiswahili. Usiandike kwa Kiswahili. Kwa Lugoye ni Mwalugoye. Kwa Mabula ni Mwamabula. Basi kwa huyu ni Mwashida. Wilayani wakikuuliza, waambie ni Kisukuma."

"Lugoye alifyeka pori!" mzee mmoja wa Mwalugoye akafoka. "Huyu amefyeka nini? Tena ni mwanamke. Tena yuko hai!"

"Tumngoje afe?" Nyanjige akauliza. "Tuseme tu, tumngoje, sisi tuko tayari kukaa bila jina."

Kicheko kilipotulia, mzee mwingine, wa Idulilo, akasema jambo ambalo wengi walikuwa wanalizunguka. Huyu mama si wa Mwalugoye, akasema, ameolewa tu pale. Si wa Mwamabula, wala si wa Idulilo. Kwao ni Nassa, ziwani. Tukichukua jina lake, hakuna kati yetu aliyemshinda mwenzake.

Hapo ndipo mambo yaligeuka. Watu wa Idulilo wakanyosha mikono kwanza, kwa sababu jina lile halikuwa la wale wengine wawili. Wa Mwalugoye wakanyosha, kwa sababu angalau alikuwa mke wao. Anatoli alikunja mikono kifuani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akahesabu kimoyomoyo akaona kwamba Mwamabula haiwezi kupata, lakini Mwalugoye bado inaweza kupata asiponyosha. Akanyosha, nusu, kama mtu anayejikuna kichwa.

Selestini aliandika Mwashida. Mkutano ulipotawanyika, alikuja kuketi mlangoni kwa Shida, ambapo mlango mpya wa mabanzi ulikuwa umeshapachikwa, akapewa uji. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema.

"Mama, Mwashida na Kwa Shida si kitu kilekile?"

"Kilekile, Ndugu Katibu."

"Nilijua." Akamaliza uji, akashukuru kwa Kisukuma. "Wabeja."

"Wabeja nawe. Nikuongezee?"

Wilayani hakuna aliyeuliza. Ubao wa Amkeni uliangushwa na mchwa, na mahali pake pakawekwa mwingine. Miaka iliyofuata ilikuwa na pamba nzuri na pamba mbaya, kama kawaida ya pamba. Shule ikajengwa, madarasa yake yakiwa ya tofali za kuchoma ambazo Shida naye alizibeba. Jioni aliingia humohumo kwenye kisomo cha watu wazima, akajifunza kuandika, na mwalimu akamlalamikia kwamba anaipa kila herufi jina lake mwenyewe, hata wanafunzi wengine wamesahau yale ya kitabuni. Nyanda, kila walipogombana, alimtishia kwamba atahamia kijiji ambacho hakina jina la mkewe, na hakuhama. Anatoli alikuja kuwa rafiki wa nyumba ile, kiasi kwamba binti yake alipojifungua ni Shida aliyeitwa ampe mtoto jina. Alimwita Nyamizi, jina la mama yake Anatoli, na Anatoli akatoka nje akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Mara moja, akirudi kutoka Bariadi kwa basi, Shida alikaa na mama mmoja mgeni, aliyekuwa anakwenda Zagayu kumwona mwanawe. Walikula karanga pamoja, wakazungumza habari za mvua. Utingo siku hizo alikuwa mwingine, asiyemjua mtu, na alipofika karibu aliita, "Mwashida! Wapo wa Mwashida?"

"Mwashida," yule mgeni akarudia. "Ndiye nani huyo Shida? Mke wa mtemi?"

"Hapana. Mke wa mkulima."

"Alikufa zamani?"

"Yupo," Shida akasema, akikusanya vitenge vyake. "Anashuka hapa."

Mgeni akageuka kutazama nani anasimama ili ashuke. Shida alikuwa tayari mlangoni, anamfokea utingo kwamba jembe lake jipya bado liko juu ya keria, na kwamba basi haliondoki pale mpaka lishushwe.